Ziara ya Siku Mbili Jijini Nairobi kwa Mfuko Mwembamba

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na makao yetu ni Kangemi, pale ambapo matatu hupiga honi kabla jogoo hajawika. Nia yangu ni kukueleza jinsi mtu asiye na pesa nyingi anavyoweza kupanga ziara ya siku mbili katika jiji letu kuu la Nairobi, akaliona kama mgeni anavyoliona, na akarudi nyumbani salama bila kuomba nauli.

Labda utacheka na kusema, "Ziara ya Nairobi? Na mimi si naishi hapa hapa?" Hata mimi nilicheka. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mji usioutembea hujui hazina yake.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mwaka huu ilitangazwa ziara ya Mombasa. Kila mwanafunzi alitakiwa kulipa shilingi 6,500. Wanachama saba wa chama chetu cha Kiswahili hatukuweza. Mimi karatasi ile sikumwonyesha hata mama. Mama huuza mboga sokoni, na nilijua hesabu ya sukuma wiki haiwezi kufika Mombasa. Niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha Hisabati, ikakaa huko.

Mwalimu mlezi wa chama alitukuta sisi saba tumekaa nyuma ya darasa tumenuna kama watu wa matanga. Akatuuliza, "Nani kati yenu ameshaingia Makumbusho ya Taifa?" Mikono miwili ikainuka. "Na ndani ya jumba la Nyaraka za Kitaifa je?" Hakuna mkono. Jambo la ajabu ni kwamba sote tumewahi kumngojea mtu "pale Akaivu". Nairobi nzima hukutana pale mlangoni, lakini wanaoingia ndani ni wachache. Mwalimu akasema, "Mombasa ulikuwa makao makuu ya serikali ya Waingereza hapa kwetu mpaka mwaka wa 1905, kisha makao yakaletwa Nairobi. Nyinyi mmekosa mji mkuu wa kale. Basi nendeni mkauone huu wa sasa. Leteni mpango na bei."

MJI MKUU WENYE UMRI MDOGO

Nimesoma kuwa Wazungu wana desturi ya kuchukua likizo fupi ya siku mbili au tatu. Mtu hubeba mkoba mmoja mgongoni, akaenda Roma, Lisbon au Prague, akatembea kwa miguu katika mji wa kale, akala mkate kwenye bustani, akarudi kazini Jumatatu. Si matajiri peke yao wanaofanya hivyo. Hata wanafunzi hufanya, maana mambo mengi mazuri ya mji mkuu hutazamwa bure: barabara, sanamu, masoko, majengo. Makumbusho makubwa ya London, British Museum, hayatozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kawaida.

Utasema kwamba Roma ina miaka zaidi ya elfu mbili, na Nairobi je? Ni kweli, jiji letu ni kijana. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika hapa mwezi wa Mei mwaka wa 1899. Mahali penyewe palikuwa tambarare yenye maji baridi, na Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Wajenzi wa reli walipiga kambi hapa kwa sababu ndiyo iliyokuwa tambarare ya mwisho kabla ya kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Kutoka kambi ya mahema mpaka mji mkuu ilikuwa miaka sita tu! Hadhi ya jiji ilikuja mwaka wa 1950. Kwa hiyo historia ya Nairobi si ndefu, lakini imebanwa mahali pamoja kama abiria wa matatu ya jioni, na faida yake ni kwamba unaweza kuitembea yote kwa miguu.

RUHUSA HUJA KABLA YA NAULI

Nilipomwambia mama, aliacha kuchambua terere akanitazama. "Tao kuna nini? Mimi huenda Marikiti saa kumi usiku miaka yote hii na sijaona kitu ya kutembelea huko. Na kukiwa na maandamano je?"

Msomaji, usimlaumu. Tangu tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha na wengine wakapigwa risasi karibu na Bunge, wazazi wengi wakisikia neno "mjini" roho huwaruka. Na mama ana sababu nyingine ya zamani. Mama mkubwa, dada yake, alikuwa akifanya kazi ya usafi katika ofisi karibu na kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue bomu lilipolipuka tarehe 7 Agosti 1998. Alirudi nyumbani usiku na vipande vya vioo mkononi. Tangu siku hiyo mama hupita mbali na kona ile, hata kama ana gunia kichwani.

Sikubishana naye. Nilichukua karatasi nikaandika: tunaenda siku gani, tunashuka wapi, tunapita barabara gani, tunakula wapi, tunarudi saa ngapi, tuko na mwalimu nani, na kila kitu ni shilingi ngapi. Nikamwachia mezani chini ya kikombe. Asubuhi nilikuta amepiga mstari chini ya "kurudi saa kumi na moja jioni" na kuandika kwa kalamu yake: SAWA. Hilo ndilo funzo la kwanza. Mzazi hakatai safari. Hukataa safari isiyo na kichwa wala miguu. Mpango ulioandikwa ndio ulionipa ruhusa, si machozi wala kununa.

HATUA ZA KUPANGA

1. Chagua siku. Usiende siku yoyote tu. Ofisi za serikali hazifanyi kazi wikendi kama siku za wiki, na mahali pengine hufungwa Jumapili. Sisi tulichagua Alhamisi na Ijumaa ya likizo ya Aprili. Usiku wa kuamkia safari sikiliza habari. Ukisikia kuna maandamano au ghasia, ahirisha. Mji hauhami.

2. Lala nyumbani. Kinachokula pesa za safari ni kitanda cha kulipia. Sisi wa shule ya kutwa tuna ujuzi ambao wa bweni hawana: kuondoka alfajiri na kurudi jioni kila siku. Kutoka Kangemi, Kawangware, Uthiru au Kinoo, kitanda chako mwenyewe ndicho hoteli yako.

3. Chora mstari mmoja. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Wengi huandika orodha ya mahali wanapopapenda, kisha wanazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, mara huku mara kule, na kila mzunguko ni nauli. Chukua ramani au uchore yako. Weka alama kila mahali unapotaka kufika. Halafu unganisha alama hizo kwa mstari usiojikata. Mstari wa kwanza ni siku ya kwanza, wa pili ni siku ya pili. Ukifanya hivyo utapanda matatu mara mbili tu kwa siku: kwenda na kurudi.

4. Gawa pesa katika bahasha. Tulitengeneza bahasha kwa karatasi za daftari kuukuu. Kila mmoja wetu aliandika hivi:

Nauli, safari nne kwa shilingi 60: shilingi 240.
Kiingilio cha siku zote mbili: shilingi 300.
Chakula cha mchana, shilingi 100 kwa siku: shilingi 200.
Choo cha kulipia: shilingi 40.
Jumla: shilingi 780.

Linganisha na 6,500 uone. Lakini itazame tena hesabu hiyo kwa makini, maana kuna kosa ndani yake. Nitakuambia baadaye lilivyotuadhibu.

5. Uliza bei kabla. Viingilio hubadilika, kwa hiyo usitegemee bei niliyolipa mimi wala aliyokuambia jirani. Piga simu. Makumbusho huwa na bei ya mwananchi na bei ya mgeni, na pia bei ya mwanafunzi. Beba kitambulisho cha shule, na kama mko kundi, barua yenye muhuri wa shule. Tena siku hizi malipo mengi ya serikali hupitia eCitizen kwa simu. Ukifika mlangoni na noti mkononi unaweza kuambiwa, "Hatushiki pesa taslimu." Sisi tulimpa mwalimu bahasha za kiingilio naye akalipa kwa M-Pesa.

6. Beba maji na chakula kidogo. Chupa ya maji ya nyumbani ni bure, ile ya dukani si bure. Mandazi mawili asubuhi hukufikisha adhuhuri. Mchana tafuta kibanda wanapokula makondakta na mafundi. Hao hawadanganywi kwa bei. Chapati kwa maharagwe ilitutosha.

7. Linda ulichonacho. Mkoba uwe kifuani, si mgongoni. Simu usiitoe ukiwa unatembea, ingia kwanza ndani ya duka. Usipige picha za polisi, wanajeshi wala majengo ya serikali bila kuuliza. Tembeeni wawili wawili, na mkubaliane mapema mtakutana wapi mmoja akipotea. Sisi tulisema, bila shaka, "pale Akaivu".

SIKU YA KWANZA: KUTOKA MUSEUM HILL KUSHUKA MJINI

Tulipanda matatu namba 23 saa mbili kasorobo. "Sitini tao, sitini! Ingia msichana, wawili waende!" Kumbe hata barabara yenyewe ni somo. Waiyaki Way imepewa jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa upande huu wetu wa Kabete. Kampuni ya Waingereza ilijenga ngome ya Fort Smith huku mwaka wa 1891. Mwaka uliofuata walimkamata Waiyaki, wakampeleka kuelekea pwani, naye akafia njiani huko Kibwezi. Mimi nimepita barabara hiyo maisha yangu yote nikidhani Waiyaki ni jina la stendi.

Kutoka Westlands, juu ya vichwa vyetu kulikuwa na ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka wa 2022. Wenye haraka walipita huko juu. Sisi tulibaki chini kwenye msongamano, lakini bei ilikuwa yetu.

Tulishuka Museum Hill kabla ya kufika mjini. Huo ndio ujanja wa mstari: usipitwe halafu ulipe tena kurudi. Ndani ya Makumbusho ya Taifa tuliona mifupa ya Mvulana wa Turkana. Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu, ndiye aliyeigundua mwaka wa 1984 huko Nariokotome, kando ya Ziwa Turkana. Mvulana huyo aliishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita, naye alikufa akiwa mdogo kuliko sisi. Rafiki yangu wa dawati moja alinong'ona, "Huyu naye hakumaliza shule." Tukacheka, kisha tukanyamaza. Uani kuna mfano wa Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu, ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe kwa amri maalum. Ahmed alikufa mwaka wa 1974.

Kutoka hapo tuliteremka kwa miguu mpaka Harry Thuku Road. Usipite barabara hii ukikimbia. Mwezi wa Machi mwaka wa 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, akawachochea wanaume waliokuwa wakisita. Polisi wakafyatua risasi, na Muthoni ni miongoni mwa waliouawa. Leo upande mmoja kuna Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka wa 1904, na mkabala wake Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza lililofunguliwa mwaka wa 1952. Kutazama hapo hakulipiwi. Mwalimu alisimama kando ya barabara akatueleza, na wapita njia wawili wakasimama kusikiliza pia.

Tulivuka University Way tukaingia bustani ya Jeevanjee. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi, aliitoa kwa watu wa mji mwaka wa 1906. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kujenga juu yake, wananchi wakapinga, bustani ikabaki. Uhuru Park nayo iliponea hivyo hivyo mwaka wa 1989, Wangari Maathai aliposimama kupinga jengo la ghorofa 60. Ndiyo maana sisi wenye shilingi 100 za chakula tuna mahali pa kukaa bure tukale chapati zetu, huku mhubiri akituonya kuhusu moto wa milele na fundi wa viatu akitutazama soli.

Baada ya chakula tulifuata Muindi Mbingu Street, iliyopewa jina la yule kiongozi wa Wakamba aliyewaongoza watu wake mwaka wa 1938 kuja Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo. Tulipita City Market, tukaona msikiti wa Jamia na minara yake, na mbele kidogo maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa Wazungu pekee. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo kwa miaka mingi.

Mwisho wa mstari ulikuwa Kenyatta Avenue, kwenye Kipande House. Jengo hili la mwaka wa 1913, ambalo limekuwa tawi la benki, ndipo Waafrika walipokuja kuandikishwa na kupewa kipande. Kipande kilikuwa cheti kinachowekwa ndani ya kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Bila hicho mtu hangeweza kutembea wala kuacha kazi. Babu aliwahi kuniambia kuwa baba yake alikichukia kikebe kile kuliko njaa, kwa sababu kililia kama kengele ya mbuzi. Nilisimama hapo nikakigusa kitambulisho changu cha shule kilichokuwa kikining'inia shingoni. Changu ni cha plastiki, na kilinipunguzia kiingilio. Chake kilimfungia mji.

MVUA NA KOSA LA HESABU

Saa kumi mwalimu alituaga, maana yeye huishi upande wa Rongai. Dakika chache baadaye mbingu zikafunguka. Ilikuwa Aprili, msomaji, na hatukuiandika Aprili kwenye hesabu! Mvua ya Nairobi ikinyesha, nauli huota mabawa. "Kangemi mia na ishirini! Hakuna sitini leo, mvua si yangu!" Kila mmoja alikuwa na sitini ya kwenda nyumbani na bahasha ya kesho. Hatukutaka kuigusa ya kesho, maana tungekosa siku ya pili.

Tulitembea mpaka Westlands, saba sisi, maji yakitufika kwenye soksi. Kutoka hapo tukapata gari la shilingi hamsini. Nilifika Kangemi saa moja na nusu usiku badala ya saa kumi na moja. Mama alikuwa amesimama stendi na mwavuli. Sijui alikuwa amesimama muda gani. Hakunigombeza. Alinifunika tukatembea kimya, na ule ukimya ulinichoma kuliko fimbo.

Asubuhi nilijua ruhusa imekwisha. Nilipotoka kuoga nikakuta karatasi yangu mezani chini ya kikombe, na juu yake noti ya shilingi mia. Mama alikuwa akifunga leso kwenda sokoni. "Hiyo ni ya mvua," akasema. "Ulisahau kuiandika."

Basi andika na wewe. Bahasha ya tano iite Mvua. Ndani yake weka angalau nauli moja mara mbili, na usiifungue mpaka mbingu zifunguke. Kwa hiyo hesabu ya kweli ya siku mbili ni shilingi 900. Aliye na 780 pekee aende siku moja.

SIKU YA PILI: KUTOKA RELI MPAKA KICC

Ijumaa tulianzia ambapo jiji lenyewe lilianzia: stesheni ya reli. Makumbusho ya Reli, yaliyoanzishwa mwaka wa 1971, yana magarimoshi ya zamani unayoweza kuyapanda na kuyashika. Humo limo behewa ambalo simba aliingia usiku mwaka wa 1900 huko Kima, akamvuta nje afisa wa polisi Charles Ryall aliyekuwa akimvizia simba huyo huyo. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli hii, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ukisimama mbele ya gari lile jeusi utaelewa kuwa Nairobi ilizaliwa kwa jasho la watu wengi ambao majina yao hayako kwenye barabara yoyote.

Kutoka hapo unafuata Haile Selassie Avenue, na kwenye kona ya Moi Avenue unafika bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7. Ubalozi wa Marekani ulikuwa hapo. Watu 213 waliuawa Nairobi siku ile, na wengine 11 Dar es Salaam. Maelfu walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo, kama mama mkubwa. Ndani ni kimya, ingawa nje kuna honi na kelele za wachuuzi. Kuna ukuta wenye majina. Nilianza kuyasoma nikitaka kuyamaliza, lakini nilifika katikati nikashindwa. Mama mkubwa hayuko kwenye ukuta huo. Nilifikiri jinsi ilivyobaki hatua chache tu awepo.

Tukapanda Moi Avenue kuelekea kaskazini. Jumba la Nyaraka za Kitaifa zamani lilikuwa benki. Safari hii hatukusimama nje, tuliingia! Chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya: vinyago, nguo, ngao na vito kutoka sehemu nyingi za Afrika. Karibu na hapo kuna sanamu ya Tom Mboya, iliyosimamishwa mwaka wa 2011 si mbali na mahali alipouawa mwaka wa 1969. Juu yake unaona mnara wa mviringo wa iliyokuwa Hoteli ya Hilton, ambayo ilifungwa mwaka wa 2022. Ukizunguka hadi Kimathi Street utamkuta Dedan Kimathi wa shaba, mwenye rasta na bunduki, aliyesimamishwa hapo mwaka wa 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa na Waingereza.

Tulimalizia KICC, jengo la ghorofa 28 lililofunguliwa mwaka wa 1973. Kupanda juu kuna malipo yake, na bahasha ya kiingilio ilikuwa imebaki na hewa. Tuliketi uani chini ya sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta tukatazama juu mpaka shingo zikauma. Si lazima uone kila kitu. Kilichobaki ni sababu ya kurudi.

Mvua haikunyesha. Nilifika nyumbani saa kumi na moja kamili, nikamrudishia mama noti yake.

KWA KUMALIZIA

Ewe mwanafunzi mwenzangu, waliokwenda Mombasa walirudi na picha za Fort Jesus, nami niliwasikiliza kwa furaha. Sidai kwamba safari yetu ilizidi yao. Ninachosema ni kwamba wao walipangiwa na sisi tulipanga, na kupanga ndiko kulikotufundisha. Pesa ni ya tatu. Ya kwanza ni karatasi, ya pili ni mstari.

Jioni ile nilimsimulia mama yote, pamoja na ule ukuta wa majina. Aliendelea kuchambua mboga bila kuniangalia. Nilidhani hasikii. Jumapili ya pili baada ya hapo, tukitoka kanisani, akaniuliza, "Hiyo karatasi yako bado uko nayo?"

Nikamwambia ninayo.

"Andika ya watu watatu," akasema. "Mama mkubwa pia. Na usisahau ya mvua."